Koti la Manjano Kando ya Tanki

Rogath alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viganja amevificha makwapani. Mchana mahabusu ya Same ina joto la kuokea mkate, lakini saa moja asubuhi saruji ilikuwa bado baridi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai. Afande, koti langu limebaki kule kwa Bibi. La mvua, la manjano. Ukipanda huko naomba uniletee."

Sajenti Esta Mmbaga alivuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Unatuhumiwa kumnywesha bibi wa watu sumu, wewe unawaza koti."

"Nawaza yote mawili, afande. Ila baridi ndiyo iko karibu."

Esta alifungua daftari. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi jalada la Rogath lilitakiwa liwe mahakamani, na juu yake mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Hamidu, alikuwa ameshaandika kwa mkono wake: jaribio la kuua. Bibi Nakijwa, mwenye miaka themanini, alikuwa amelazwa hospitali ya Gonja, koo limevimba, hawezi kusema. Ijumaa alfajiri alikunywa chai iliyopikwa kwa maji ya tanki la mvua. Ndani ya maji yale mlikutwa dawa ya Rogath ya kuoshea bati.

"Nieleze tena kazi ya Alhamisi," Esta alisema. "Polepole, kama unamfundisha mtu ambaye hajawahi kushika mashine ya presha."

"Bati haliguswi kwa presha. Hilo la kwanza. Ukilipiga presha unang'oa rangi na kusukuma maji chini ya bati. Bati linapuliziwa dawa ya kuua kuvu kwa bomba la mgongoni, taratibu, halafu unaliacha mpaka kesho yake. Kesho unasuuza kwa maji mengi, mara tatu. Siyo mara moja. Ile dawa inanata kwenye kuvu, inatoka kidogo kidogo."

"Na mvua ikinyesha katikati?"

"Inatoa nusu, nusu inabaki. Ndiyo maana kabla ya kupulizia chochote nilichomoa bomba la gata, linaloshusha maji ya bati, kwenye tanki, nikaligeuzia kwenye mtaro. Nina picha. Mimi kila kazi napiga picha, kabla na baada, naweka status."

Simu yake ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo, na picha Esta alishaiona. Alhamisi, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi: bomba limechomolewa, mdomo wake umeelekea mtaroni. Afande Hamidu aliitazama picha ile sekunde mbili, akasema mtu anayechomoa bomba asubuhi anaweza kulirudisha jioni.

"Baada ya bati?"

"Kuta. Sabuni inapandishwa kutoka chini kwenda juu, isiache michirizi. Kusuuza ni kutoka juu kwenda chini. Nozeli ya kijani mdomoni mwa mashine, nusu mita kutoka ukutani. Saa nane petroli ikakaribia kuisha, nikashuka Gonja kununua. Mvua ikanikamata kule, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Nilirudi saa kumi na moja, ukungu umefunga, sikukagua kitu, nikaingiza mashine stoo, nikaondoka. Koti lilikuwa msumarini, nikaliacha. Nilijua kesho narudi kusuuza."

"Aliyekuona kwenye hicho kibaraza?"

"Mbuzi wawili."

Esta hakucheka. "Mwanawe Bibi, Anderson, anasema alikuona saa kumi umeinama kwenye tanki."

"Basi ana macho ya kuona watu wasiokuwepo."

"Uligombana na Bibi?"

Rogath akatazama vidole vyake vya miguu. "Nilimwomba maji ya tanki ya kuendeshea mashine. Mashine inakunywa, afande. Akaniita mwizi wa maji, mbele ya watu. Nikaenda kuchota mferejini. Tangu hapo hatukusemeshana. Habari ya dawa nilimwambia mkwewe, Careen."

Esta alifunga daftari.

* * *

Barabara ya Kisiwani ilikuwa kavu mpaka gari lilipoanza kupanda. Nyuma yake tambarare ya Mkomazi ilikuwa imelala kwenye jua, ya rangi ya ngano. Mbele yake mlima haukuwepo. Ukungu ulikuwa umeufuta. Migomba ilijitokeza mmoja mmoja kando ya njia, ikampisha, ikarudi kwenye weupe. Kengele ya mbuzi ililia mahali fulani juu ya kichwa chake, kana kwamba mbuzi anatembea hewani.

Nyumba ya Bibi Nakijwa aliiona ghafla. Ilikuwa imeoshwa hata haikuonekana kuwa ya pale. Miaka arobaini ya kuvu, moshi na matope mekundu ilikuwa imetoka, na kuta zilikuwa nyeupe ndani ya weupe wa ukungu, madirisha ya bluu yakielea bila kitu cha kuyashikilia. Esta alisimama getini mpaka macho yake yalipozoea na kuta zikarudi mahali pake.

Careen alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Karibu, dada. Hatujagusa kitu, kama tulivyoambiwa. Hata kudeki sijadeki."

"Vizuri. Wageni walikuwa waje lini?"

"Jumapili ijayo. Ibada ya shukrani, Bibi kutimiza themanini. Ndiyo maana Baba Agape akasema nyumba ioshwe." Baba Agape ndiye Anderson, mumewe, Agape alikuwa binti yao, yuko shule ya bweni.

"Maji ya tanki mnakunywa nani na nani?"

"Bibi peke yake. Sisi tunakunywa ya bomba. Yeye anasema ya bomba yana ladha ya chuma."

"Ulimwambia bati lina dawa?"

"Nilimwambia! Nilimwambia kwa mdomo wangu huu." Careen akaanza kulia tena. "Akasema amesikia, ananiuliza kama naona yeye mtoto."

Esta alimwacha alie, akaenda kwenye tanki. Lilikuwa upande wa jikoni, jeusi, la lita elfu mbili. Alilipiga kwa kiganja, likalia kama ngoma. Afisa afya alikuwa amechukua sampuli Ijumaa na kumwaga maji yote kwa koki ya chini. Juu hakuna aliyegusa. Bomba la gata lilikuwa limerudishwa kwenye shingo ya tanki, na Esta alipanda ngazi ya tofali iliyokuwa kando yake, akainama kuangalia kiungo.

Hapakuwa na tepu wala bano la chuma. Kiungo kilizungushiwa ganda kavu la mgomba, mara nyingi, likakazwa, kisha likapakwa udongo wa mfinyanzi uliolainishwa kwa kidole gumba. Alilivuta kidogo. Halikutikisika. Akapiga picha nne, akashuka.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeharibiwa.

Mistari minne ilipita kwenye lipu, myembamba, yenye kina cha kucha, ikizunguka kama njia ya konokono aliyelewa. Mmoja ulikuwa umefika kwenye tofali. Chini yake, kwenye majani yenye umande, kitu chekundu kidogo kilimng'aria. Alikiokota kwa leso. Nozeli.

Rogath alisema kijani. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hapigi nozeli nyekundu kwenye lipu. Ile inatoa maji kama sindano, inafaa kwa chuma chenye kutu.

"Mheshimiwa Anderson!" Esta aliita. "Njoo huku nyuma kidogo."

Anderson alikuja na viatu vya mjini, akikwepa matope. Mtu wa miaka hamsini na mbili, ameishi Dar es Salaam thelathini kati ya hiyo, na sauti yake ilikuwa imezoea mikutano.

"Unaona?" alisema, akinyooshea mistari kidole. "Huyo fundi hakuwa na nia njema tangu mwanzo. Angalia alivyokata ukuta wa mama yangu."

"Alhamisi saa nane mpaka saa tisa ulikuwa wapi?"

"Nimeshaandikisha. Nilikuwa Bendera kuangalia shamba. Nilirudi saa kumi kasoro."

"Bendera."

"Bendera."

"Huko tambarare, jua kali, vumbi." Esta akatazama chini. "Hivi viatu ulivaa siku hiyo?"

"Hapana. Raba. Ziko kwenye gari."

"Nenda kazilete."

Alichelewa kurudi. Raba zilikuwa nyeupe zamani. Sasa, kutoka kisigino mpaka kwenye kamba, zilikuwa zimerashiwa vidoa vya unga wa kijivu uliokauka, na Esta alikwangua kimoja kwa kucha, akakisugua kwenye mstari wa ukutani. Ilikuwa lipu ileile.

"Mzee wangu," alisema, "vumbi la Bendera ni jekundu."

Ukungu ulipita kati yao. Anderson alizishika raba zake kama mtoto aliyeambiwa akaonyeshe mikono.

"Fundi alikuwa ameshuka kununua petroli," alisema hatimaye. "Mashine ilikuwa na kidogo. Nilitaka kujaribu tu. Unajua inavyopendeza, afande? Unapitisha hivi, miaka arobaini inaondoka. Nikaona nyeupe, kijani, nyekundu, nikaweka nyekundu. Mara naona ukuta unafunguka." Akagusa mstari mmoja. "Ukuta huu baba alipiga lipu mwenyewe, na mama akisomba mchanga kutoka bondeni. Ningemwambia nini?"

"Ukakaa wapi?"

"Kwenye gari, pale getini. Mvua ikaanza. Nikakaa humo mpaka kumi na nusu. Na hapo ndipo nilipomwona Rogath kwenye tanki. Hilo ni kweli! Hilo siyo uongo."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Uso?"

"Nilimwona vizuri kabisa, afande. Sasa nikuapie nini?"

Esta alienda kwenye kibaraza cha jikoni. Koti lilikuwa bado msumarini, limeelekezwa ukutani, la manjano kama kiini cha yai. Askari wa Ijumaa walikuwa wamechukua mashine, dawa na ndoo. Koti hawakuliona la maana. Aliligeuza, akaikagua mikono yake. Kisha akalipiga picha kutoka mbele, nyuma, na kila mkono peke yake.

"Careen, vaa hili. Usikunjue wala kukunja chochote. Vaa lilivyo, na kofia yake. Hesabu mia moja, halafu nenda kainame kwenye tanki kama unafunga kitu."

Yeye na Anderson walikaa ndani ya gari getini, vioo vimefungwa. Pumzi zao zikapaka kioo ukungu wa pili. Nje dunia ilikuwa maziwa matupu. Tone lilianguka juu ya paa la gari, kisha jingine. Halafu kitu cha manjano kikajitokeza upande wa jikoni, bila miguu, kikasogea taratibu kando ya ukuta mweupe, kikainama. Hakikuwa na kimo wala umri. Kilikuwa rangi tu.

"Nani yule?" Esta aliuliza.

"Rogath," Anderson alisema kabla hajafikiri.

"Umemwona uso?"

Anderson alifuta kioo kwa kiganja.

"Mkeo uliyeishi naye miaka ishirini na tano humjui ukiwa hatua arobaini. Uliona koti."

"Niliona koti," Anderson alikubali, kwa sauti ndogo.

Walirudi kibarazani. Careen alikuwa anavua koti, na Esta alimzuia mkono ukiwa bado ndani.

"Angalieni hapa. Rogath ni mrefu. Mahabusu analala amejikunja. Koti hili amelinunua kwa kimo chake. Sasa nani alikunja mikono yake mara tatu?"

Mikunjo ilikuwa safi, iliyolingana, kila mmoja umebanwa kwa kidole. Mikono ya Careen ilitokea nje mpaka karibu na kiwiko. Careen aliitazama. Alikuwa wa kwanza kuelewa, akakaa chini.

Esta aliinama. Sakafu ya kibaraza ilikuwa imeoshwa Alhamisi asubuhi. Baada ya bati, Rogath alianzia kuta za upande huo. Saruji iliyooshwa kwa presha haina kumbukumbu ya kitu cha nyuma, na kila kilichokuja baadaye kinabaki juu yake peke yake. Kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tanki, chini ya paa ambapo mvua haikufika, kulikuwa na vidoa vya matope mekundu, vya mviringo, vidogo kama kisoda. Vilikwenda hatua fupi fupi, upande wa kulia. Vingine vilirudi. Na ukutani, kando ya tanki, kwenye kimo cha kifua cha Esta, palikuwa na kiganja kizima cha udongo wa mfinyanzi, mahali mtu alipojiegemeza kupumzika.

"Bibi anatembelea fimbo?"

"Ndiyo," Careen alinong'ona.

"Na ganda la mgomba na udongo?"

"Ndivyo anavyoziba kila kitu. Ndoo, bomba, hata paa la banda la kuku. Baba yake alikuwa mlinzi wa ndiva." Alisema neno lile, jina la bwawa la ukoo la kukinga maji ya mlimani, kama mtu anayetaja altare. "Alikuwa anaziba mlango wa ndiva jioni na kuufungua asubuhi. Bibi anasema alijifunza kuziba kabla ya kujifunza kusali."

Anderson alikuwa ameegemea ukuta, na ukuta ulikuwa umempaka chokaa begani.

"Mama?" alisema. "Lakini aliambiwa kuna dawa."

"Twendeni tukamwulize," Esta alisema.

Kabla hawajaondoka, alipanda tena ngazi ya tofali, akakata ganda la mgomba kwa kisu, akachomoa bomba, akaligeuzia mtaroni.

* * *

Hospitalini, mlango wa wodi ulikuwa wazi na ukungu umeingia mpaka kwenye kitanda cha kwanza. Muuguzi alisema uvimbe umepungua, Bibi amekunywa uji, anaweza kunong'ona maneno machache, asichoshwe.

Bibi Nakijwa alikuwa mdogo kuliko mto aliolalia. Macho yake yalikuwa wazi.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni Esta, natoka polisi Same."

Midomo ikatikisika. "Marahaba. Wa kwa nani?"

"Wa kwa Mmbaga, Mbaga juu."

Bibi alikubali kwa kope. Esta akalitandaza koti juu ya blanketi, mikunjo juu. Bibi aliligusa, akajua.

"La yule kijana," alinong'ona. "Nililirudisha msumarini. Sikumwibia."

"Najua. Ulilivaa kwa ajili ya nini?"

"Mvua." Akapumzika. "Mvua nzuri, ya kwanza mwezi huu. Na bomba limegeuzwa mtaroni. Maji yanapita, yanapita. Nikasema huyu ananikomoa kwa sababu nilimnyima."

"Careen alikuambia bati lina dawa."

"Aliniambia." Kidole kimoja kikainuka, kama cha mwalimu. "Sikwenda mara moja. Mimi siyo mjinga. Mvua ya kwanza ni ya kuosha bati, haikingwi. Tangu utoto wangu haikingwi. Inabeba vumbi, inabeba kinyesi cha ndege. Nilikaa mlangoni, nikahesabu nyimbo tano, beti zote. Maji yakawa meupe. Ndipo nikaenda kuziba."

Ilikuwa kanuni sahihi. Mama yake Esta aliifuata, na kila nyumba yenye gata mlimani kote iliifuata. Kwa vumbi, nyimbo tano zilitosha na kuzidi. Kwa dawa inayonata kwenye kuvu na kutoka kidogo kidogo, hata kitabu kizima cha nyimbo kisingetosha.

"Bibi, kijana hakukukomoa. Alichomoa bomba ili usidhurike."

Bibi alitazama dari.

"Basi angeniambia mimi," alinong'ona. "Mwenye maji ni mimi."

Esta aliliandika neno kwa neno, akamsomea. Bibi akaweka dole gumba chini yake. Kisha Esta akasogea dirishani, akapiga simu.

"Afande Hamidu, mtoe Rogath."

"Una mtu mwingine?"

"Hakuna mtu mwingine. Bibi alirudisha bomba mwenyewe, kwa nia njema. Nina maelezo yake, kiganja chake ukutani, na shahidi wetu amekiri aliona koti, siyo uso."

Hamidu alipumua kwenye simu. "Yaani jaribio la kuua limekuwa ni kukinga maji."

"Ndiyo, afande."

"Andika vizuri, basi. Nitamtoa sasa hivi."

Nyuma yake Bibi alikuwa amemshika mwanawe kwa mkono wa shati.

"Anderson. Tanki limejaa?"

Anderson aliinua macho, akakutana na ya Esta. Wote wawili waliusikia tena mlio ule wa ngoma tupu. Nje, matone yalianza kugonga bati la hospitali, moja moja.

"Limejaa, mama," alisema. "Mpaka shingoni."

Bibi alifumba macho. Uso wake ukalegea, ukawa wa mtu anayesikia maji yakishuka mahali pake.

Ulikuwa uongo mwingine wa Anderson. Esta hakuuandika. Alifunika kalamu.

Anderson alimfuata mpaka kwenye korido. "Nitalijaza kabla hajarudi nyumbani. Lazima nilijaze."

"Kwa bati lile? Ikinyesha leo unamtilia sumu mara ya pili."

"Basi nifanyeje?"

"Utafute mtu wa kusuuza. Mara tatu, kwa maji ya mferejini. Na wa kuziba ule ukuta, na umwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyeukata."

"Unafikiri Rogath atakubali? Baada ya mimi kumtaja?"

"Sijui. Kamwulize. Anatoka sasa hivi, ana njaa na ana baridi." Alimpa koti. "Nimeshalipiga picha. Mpelekee."

Anderson alilipokea kwa mikono miwili. Alisimama nalo dirishani, mvua ikizidi nje, akaanza kukunjua mikono yake, mkunjo mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.